Barua kwa mwanangu, kuhusu ile bima ya wafanyakazi wako

Mwanangu, marahaba ya ile shikamoo ya Jumapili. Nilikata simu kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sebuleni kulikuwa na wageni wa baba yako, si kwamba nimekununia. Naona nikuandikie tu, maana kwenye simu tutaishia kubishana.

Uliniambia kampuni yako ya kutunza wazee imevuka watu 50 na sasa sheria inakutaka uwape bima ya afya wale wa fulltaimu. Baba, nilipiga magoti. Mtoto niliyemleta Houston na begi moja leo analipa mishahara ya watu. Halafu ukasema umemwambia broka aondoe mambo yote ya uzazi wa mpango, vidonge, sindano, njiti, kitanzi, P2, vyote, kwa sababu kampuni umemkabidhi Mungu na Hobby Lobby, wale wenye maduka ya vifaa vya sanaa na mapambo, walifanya hivyo hivyo wakashinda mahakamani. Hapo ndo nilipokata.

Mwanangu, ile kesi naijua, niliifuatilia mwaka mzima kwenye tivii ya pale kazini wakati nawalisha wazee. Wale watu siwezi kuwasema vibaya. Mzee David Green wa Oklahoma City alianza 1970 na mkopo wa dola 600, anatengeneza fremu ndogo za picha nyumbani kwake, mpaka wakafika maduka zaidi ya 500 na Jumapili wanafunga yote, hasara wanaibeba. Imani yao ni ya kweli, hata majaji waliowapinga hawakusema wanaigiza. Ila wewe umeichukua kesi nusu. Hawakukataa vyote. Njia ambazo sheria ya afya ya Obama ilitaka zilipiwe na bima zilikuwa 20, wao wakagomea 4 tu, aina mbili za vidonge vya dharura na aina mbili za vitanzi, kwa kuamini kwamba zinaweza kuzuia yai lililokwisha rutubishwa lisijipandikize. Zile 16 zilizobaki walikuwa tayari kuwalipia wanawake wao. Wewe umefuta zote 20, kwa hiyo usiseme umewafuata wao.

Na jinsi walivyoshinda nako usikuruke. Tarehe 30 Juni 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, pamoja na kampuni ya Conestoga ya Pennsylvania, ya familia ya Wamenoni wanaotengeneza makabati. Faini ya kukataa kulipia ilikuwa dola 100 kwa siku kwa kila mfanyakazi, kwa Hobby Lobby ingefika kama milioni 475 kwa mwaka. Jaji Alito, aliyeandika uamuzi wa wale watano, akasema huo ni mzigo mkubwa mno juu ya imani ya mtu, na serikali ilikuwa na njia nyingine, kwa sababu mashirika ya dini yasiyo ya biashara yalishapewa utaratibu wa bima yenyewe kumlipia mwanamke moja kwa moja bila mwajiri kutoa senti. Unaona? Hata waliowapa ushindi waliegemea kwenye hoja kwamba mwanamke hatakosa kitu. Sasa nikuulize, kwenye hiyo bima uliyoandaa na broka, ukishaondoa wewe nani anamlipia? Nilikuuliza Jumapili ukanyamaza.

Sheria yenyewe waliyotumia kujitetea ni ya 1993, na mimi habari yake huwa inanigusa sana. Ilitokana na wanaume wawili kule Oregon, washauri wa watu walioathirika na dawa za kulevya, walifukuzwa kazi kwa sababu walikula peyoti, ule mmea unaotumika kwenye ibada ya kanisa la Wahindi Wekundu, wakanyimwa na fidia ya kukosa kazi. Mahakama ya Juu 1990 ikawakatalia, nchi nzima ikachukia, Bunge likatunga sheria ya kulinda dini na Rais Clinton akasaini. Yaani chanzo chake ni wafanyakazi waliofukuzwa na bosi. Na leo wewe bosi ndo unataka kuishika.

Najua utaniambia baada ya hapo serikali ikatoa msamaha mpana zaidi kwa waajiri wenye imani, na 2020 mahakama ikasema ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo, majaji 7 kwa 2. Ni kweli, sibishi, japo kesi zimeendelea kurudi mahakamani. Ila mimi sikuandikii kama wakili.

Nakuandikia kuhusu 2008. Ulikuwa darasa la nane. Unakumbuka nilivyokuwa navaa kitenge juu ya suruali ya kazi ukanicheka kwamba naenda kazini kama naenda sokoni? Nilikuwa natokwa damu siku 15, 16 kwa mwezi, uvimbe kwenye kizazi. Damu yangu ilishuka hadi 7, nikipanda ngazi za ile apatimenti nasimama katikati nashika ukuta nasikia moyo unapiga masikioni. Daktari akasema kabla ya kukata kizazi tujaribu kitanzi chenye homoni, kinapunguza sana damu. Bima ikakataa, kwa sababu kitanzi kimeandikwa kwenye fungu la uzazi wa mpango na mwajiri wangu, nyumba ya wazee ya watu wa dini, hilo fungu hakulinunua.

Nikaenda ofisini na barua ya daktari. Yule baba wa ofisini, mtu mzuri kabisa tulikuwa tunasali naye asubuhi, akaisoma kwa sauti, mlango uko wazi, wasichana wa jikoni wanapita na vitoroli. Akaniuliza, mama, una uhakika ni ya damu tu? Mimi mama wa watoto watatu, mwimba kwaya, nimesimama pale na kitenge changu nimebana miguu nisichafue kapeti lake, namweleza mwanaume ambaye si mume wangu habari za kizazi changu. Akasema atauliza makao makuu. Jibu halikuja. Tukalipa dola 940 kwa miezi saba, ndo mwaka ule bibi yako alizikwa Moshi bila mimi kuwepo kwa sababu nauli iliisha kwenye kitanzi.

Ile siku sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mtoto.

Jaji Ginsburg, mmoja wa wale wanne waliowapinga Hobby Lobby, kwenye maoni yake aliandika kwamba gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mtu wa kima cha chini. Wasichana wako unawalipa dola 11 kwa saa, piga hesabu mwenyewe. Akauliza pia, je mwajiri ambaye dini yake inakataa kuongezewa damu? Dada yako aliongezewa chupa mbili siku aliyozaliwa, baba. Kama bosi wa baba yako angekuwa na imani hiyo na bima ikafuata imani yake, ungekuwa na dada?

Mimi nasali kanisa lile lile unalosali. Hakuna anayekwambia umeze kidonge au mkeo ameze. Lakini bima si zawadi unayowapa, ni sehemu ya mshahara, wameifanyia kazi kwa kugeuza wazee vitandani saa tisa usiku. Mshahara ukishampa mtu hujui kama ananunua unga au bia na hujawahi kumfuata dukani. Hii nayo iache iende hivyo hivyo.

Kesho asubuhi mpigie broka kabla hujasaini. Kama moyo unakataa kabisa, muulize ule utaratibu wa bima kulipa yenyewe moja kwa moja, na akuoneshe kwa maandishi kwamba mwanamke hatatoa hela mfukoni. Ijumaa nakuja na maandazi tuzisome hizo fomu pamoja, miwani yangu ninayo.

Na yule dada Mkongo wa zamu ya usiku uliyesema siku hizi anafunga sweta kiunoni na anachoka haraka, tafadhali usimuulize kitu. Mpe siku ya kwenda kwa daktari.

Mama yako