Barua kwa Rafiki Anayewaandikia Wauguzi na Wagonjwa

Rafiki yangu mpendwa,

Ni matumaini yangu kwamba u mzima wa afya. Nimeisoma barua yako kwa makini, hasa pale uliposema kwamba kuuandika upya mwongozo wa dawa kwa lugha ya wagonjwa, baada ya kuwaandikia wauguzi, ni kuishushia hadhi kazi yako. Hapo sikubaliani nawe.

Itazame sentensi yako: “Mgonjwa apewe kidonge kimoja cha miligramu 500 kila baada ya saa 8 kwa muda wa siku 7.” Muuguzi hahitaji zaidi ya hiyo. Mgonjwa aliye nyumbani atajiuliza aanze kuhesabu lini, na huenda akaelewa kwamba kidonge hunywewa saa 8 mchana basi. Mwandikie hivi: “Unywe kidonge kimoja saa 12 asubuhi, kimoja saa 8 mchana na kimoja saa 4 usiku, kwa siku 7. Usiache dawa kabla ya siku hizo kwisha, hata ukijisikia nafuu.” Miligramu zimeondoka kwa sababu si yeye anayepima, lakini saa zimetajwa na onyo limeongezwa, kwa hiyo sentensi ya mgonjwa imebeba mengi kuliko ya muuguzi. Nimechagua “unywe” badala ya “kunywa” makusudi, kwa kuwa wasomaji wako wengine ni wazee, na amri kavu kutoka kwa mtu wasiyemjua huwakwaza.

Wala usidhani kwamba kubadili rejista, yaani mtindo wa lugha kulingana na unayezungumza naye, ni unafiki. Mwanaisimu Allan Bell, katika makala yake ya mwaka 1984, alieleza jinsi wasomaji wa habari wa redio nchini New Zealand, waliosikika katika vituo viwili tofauti, walivyobadili matamshi yao kulingana na wasikilizaji wa kila kituo, ingawa msomaji alikuwa yuleyule na habari zilikuwa za aina ileile.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika rasimu yako ni kauli ya kutendwa. Unapoandika “inashauriwa vipimo virudiwe,” watumishi wa hospitali wanajua ni nani wa kuvirudia, kwani kila mmoja ana zamu na wajibu wake. Mgonjwa hajui kama anasubiri kuitwa au anatakiwa kwenda mwenyewe, na anaweza kukaa akisubiri mpaka hali yake izidi kuwa mbaya. Mwambie aje, siku gani, na amwone nani. Hata hivyo, usiingize misemo ya vijiweni kwa nia ya kumsogelea, wala usimweleze mtu mzima kama mtoto, maana mtu anayeumwa hutambua upesi anapodharauliwa.

Nakuomba unitumie rasimu ya wagonjwa kabla hujaipeleka kuchapishwa. Ukurasa wa madhara ya dawa ndio ninaotaka kuuona kwanza.

Wasalaam,
Rafiki yako