Wauza spea, andikeni namba kwenye risiti

Mhariri,

Watu wanalalamika kwamba spea za vipanya, yaani Hiace za abiria, vya zamani zimeadimika, na ni kweli. Japani ilishahamia Hiace ya umbo jipya tangu 2004, na hedi (kichwa cha injini, kinachofunika silinda) ya mtumba ya zile za zamani, ikiwa bado haijapasuka, inagombaniwa. Lakini fedha nyingi zinapotelea kwenye kununua kisichofaa.

Mtu anaulizia "gasketi ya hedi ya Hiace dizeli", ile inayoziba kati ya hedi na bloku, anapewa, anaondoka. Dizeli ipi? Ziko injini za 2L, 3L na 5L: silinda ya 2L ina kipenyo cha milimita 92, ya 3L 96, ya 5L 99.5. Gasketi zake zikitundikwa ukutani ni kama mapacha. Sasa funga ya 3L kwenye 5L: pete yake ya chuma inachungulia ndani ya silinda, inaungua, gari inaanza kuchemsha, na hedi iliyokuwa nzima inapasuka katikati ya valvu. Gasketi ya bei ndogo imeshazaa hedi.

Kibati cha gari kinachotaja aina ya injini hakitoshi, maana injini nyingi zimeshabadilishwa. Futa matope, soma aina ya injini kwenye bloku. 2L nayo ina mtego wake: ya zamani ina roka (mikono inayosukuma valvu), 2L-II iliyofuata haina, na spea za juu haziingiliani. Hata gasketi sahihi huja kwa unene tofauti, hivyo fundi apime pistoni zinavyochomoza juu ya bloku kabla ya kumtuma mtu dukani.

Tunachowaomba wauzaji wa spea wa Gerezani na Shaurimoyo ni kidogo. Namba ya spea ya Toyota ina tarakimu 10, na tano za mwanzo zinataja kifaa: 11115 ni gasketi ya hedi, 13568 mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni. Iandikwe kwenye risiti pamoja na aina ya injini, badala ya neno "spea" tu. Hapo aliyeomba ya 5L akapewa ya 3L atakuwa na cha kushika, hata kama ukutani pamebandikwa "Mali ikishauzwa hairudishwi". Tume ya Ushindani inakamata feki, sawa; ila gasketi hii si feki. Ni orijino kabisa, ya injini nyingine.

Na anayenunua injini ya mtumba abadilishe mkanda wa taimingi injini ingali sakafuni, kabla ya kufungwa kwenye gari. Ukikatika barabarani, valvu zinagongana na pistoni, na mtu anarudi Gerezani kuulizia hedi.

Mafundi wa magari,
Buguruni, Dar es Salaam