Safari yetu ya Jumamosi kutafuta vichezeo vya zamani

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Nawakumbusha kwamba Jumamosi hii tutakutana saa 2:00 asubuhi karibu na uwanja wa Mkwakwani, ili twende pamoja kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa vichezeo vya zamani hapa Tanga mjini. Nauli ya bajaji kila mmoja atajilipia.

Wengi wenu mmeniuliza kuhusu magari madogo ya chuma. Kabla ya kuulizia bei, geuzeni gari msome maandishi ya chini: yale ya Matchbox, yaliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1953, kwa miaka mingi yalibeba jina la Lesney, kampuni iliyoyatengeneza, na yale ya Dinky yalitoka kiwanda cha Meccano mjini Liverpool, kilichofungwa mwaka 1979. Dinky la kabla ya Vita Kuu ya Pili likaguliwe kwa utulivu zaidi, kwa sababu aloi yake ya zinki, yaani mchanganyiko wa metali uliotumika kuliunda, ikiwa iliingiwa na madini ya risasi, hupasuka na kumomonyoka yenyewe hata gari likitunzwa kabatini. Rangi iliyochubuka isiwatishe; mimi ningechagua gari lenye rangi yake ya awali kuliko lililopakwa upya.

Ombi langu la dhati ni kwamba msiyapite magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili, kama tuliyojitengenezea utotoni, maana ni wachache sana waliofikiria kuyahifadhi. Atakayeliona amwulize muuzaji lilitengenezwa na nani na wapi, kisha aliandike jibu hilo hapo hapo.

Njooni na chenji, magazeti ya kufungia na tochi ndogo.