Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mji Wetu wa Unguja Katika Mwaka 2021

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, na vijana mliojiunga nasi karibuni,

Assalamu alaykum.

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti, kila mwaka mpya unapoanza, awaeleze wanachama mambo makubwa yaliyoupata mji wetu katika mwaka uliokwisha, awataje watu wetu waliotangulia mbele ya haki na waliotunukiwa heshima, na aseme bila kuficha yale ambayo chama kilishindwa kuyafanya. Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Mimi nitabaki na mji na watu wake, kwa kuwa mwaka 2021 ulikuwa na habari nyingi kuliko mwaka wowote niliowahi kuutolea taarifa.

Lazima nianze wiki moja kabla ya mwaka wenyewe. Ijumaa ya tarehe 25 Disemba 2020, mchana, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na mafundi wawili wakapoteza maisha yao chini ya kifusi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash bin Said, likawa la kwanza hapa mjini kuwashwa taa za umeme, na ndiyo sababu mojawapo watu wakaliita la maajabu. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambayo haikutimiza hata saa moja, ilibomoa majengo ya jirani yake, lenyewe likabaki limesimama. Tangu mwaka 2012 milango yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ubovu, na sisi tulikuwa tukipita mbele yake kila jioni tukienda kula urojo na mishikaki Forodhani, tukitikisa vichwa, tukiendelea na safari.

Asubuhi ya Jumamosi nilikwenda pale. Njia ilikuwa imefungwa, na majani ya miti ya bustani yalikuwa meupe kwa vumbi la chokaa kana kwamba yamepakwa unga. Kando yangu alisimama mzee mmoja aliyeniambia kwamba baba yake alikuwa tarishi ndani ya jumba lile zamani za Waingereza, lilipokuwa ofisi za serikali, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa chuo cha Kurani, alikuwa akimpelekea chakula cha mchana. Akaanza kunitajia makarani waliokuwamo, jina baada ya jina, chumba baada ya chumba, nani alikaa ghorofa ya juu na nani alikuwa mkali kwa matarishi. Sikuwa na kalamu. Nilimwambia nitamtafuta, na kweli nilikusudia kumtafuta, lakini nilipokwenda kumuulizia mwezi wa Ramadhani niliambiwa amekwishafariki. Naliweka jambo hili mbele yenu kama kosa langu, na mtaona kwamba taarifa yote inalirudia.

Kuporomoka kule kulitupa angalau sababu ya kuangalia nyumba zetu wenyewe. Fundi wetu mzee wa chokaa alikubali kutembea na kikundi cha vijana vichochoroni, na katika nyumba ya mwanachama mmoja aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, lipu ya saruji ikalia kama dafu tupu. Alipoibandua, ncha ya boriti iliyoingia ukutani ilimong'onyoka mkononi mwake ikawa unga. Akawaeleza vijana kwamba kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, na kwamba ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi. Chokaa huyaacha yapite, lakini saruji huyafungia ndani, na maji yakishakosa pa kutokea huifuata boriti mpaka katika tundu lake. Mwenye nyumba alikuwa ametumia fedha nyingi kupiga saruji ile, kwa nia njema kabisa, akiamini anaiimarisha nyumba ya babu yake. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hata hivyo elimu hii ndogo ya chokaa bado iko vichwani mwa mafundi wachache ambao hakuna aliyewaandika.

Mwezi wa Februari tamasha la Sauti za Busara lilifanyika Ngome Kongwe kwa siku mbili tu, lakini lilifanyika, katika mwaka ambao maradhi ya korona yalikuwa yamezima majukwaa karibu dunia nzima. Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 17 Februari alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba, alikozaliwa mwaka 1943. Chama chetu si cha siasa, na wanachama wetu walimpigia kura na wengine walimpinga maisha yao yote; sitaingia huko. Historia ya uongozi wake, kuanzia Uwaziri Kiongozi wa mwaka 1984 hadi 1988 na baadaye nafasi ya Makamu wa Kwanza katika serikali ya umoja wa kitaifa, itaandikwa na wengi. Ninachokiomba chama chetu kikishughulikie ni kile ambacho wengi hawatakiandika. Jina la Maalim alilipata darasani, akisomesha katika skuli ya Fidel Castro kule Pemba na Lumumba hapa mjini, na wanafunzi wake wa wakati ule sasa ni babu na bibi. Baadhi yenu mmo humu ukumbini. Alisomesha vipi? Alimwitaje mwanafunzi aliyekosea? Hayo mnayo nyinyi peke yenu.

Mwezi uliofuata, baada ya kifo cha Rais John Pombe Magufuli, Mama Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi, aliapishwa tarehe 19 Machi kuwa Rais wa sita wa Jamhuri ya Muungano na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kizimkazi si mjini, ila ofisi alizoanzia uwaziri mwaka 2000 ni za hapa kwetu, na kina mama wa chama chetu walioifahamu safari yake tangu mwanzo walisherehekea kwa haki.

Sasa nafika kwenye jambo lililonikaa moyoni zaidi. Mwaka huo huo wa 2021 alituaga Mzee Haji Gora Haji, mshairi, mzaliwa wa Tumbatu wa mwaka 1933, aliyekuwa mvuvi na baharia kabla na baada ya kujulikana kwa tungo zake. Diwani yake ya Kimbunga, iliyochapishwa mwaka 1994, imesomwa na kuchambuliwa katika vyuo vikuu vya Afrika na vya Ulaya, na wageni walikuwa wakivuka bahari kuja kumuuliza maana ya neno moja la Kitumbatu. Sisi tulikuwa tukimwamkia njiani. Chama hiki hakikuwahi hata mara moja kumweka mbele ya kinasa sauti, ingawa tulikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mzee yupo na ataendelea kuwepo. Nimewasikia wanachama wakisema kwamba angalau vitabu vyake vimebaki. Ni kweli, lakini tungo za mtu aliyekua na ngoma na mashairi ya kujibizana haziishi kitabuni peke yake. Sauti aliyozisomea, mahali alipovuta pumzi, na kicheko chake kabla ya beti ya mwisho ni sehemu ya tungo hizo.

Kisha ikaja Alkhamisi ya tarehe 7 Oktoba. Saa nane mchana kwa saa zetu ilitangazwa kutoka Sweden kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa mwaka 2021 amepewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1948, aliyeondoka hapa akiwa kijana wa miaka kumi na minane katika miaka ya baada ya Mapinduzi, akasomesha fasihi Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza mpaka kustaafu, na kuandika riwaya kumi. Jioni ile barazani, kahawa ikimiminwa, swali lililosikika kwanza lilikuwa ni mtoto wa nani, na la pili lilikuwa watu wao wanakaa mtaa gani. Siku zilizofuata mjadala ukageuka kuwa wa uraia: je, ni Mtanzania, ni Mzanzibari, au ni Mwingereza? Kwa maoni yangu mjadala huo ulitupotezea muda. Mtu ambaye hakuweza kurudi kwao mpaka mwaka 1984, akamwahi baba yake muda mfupi kabla hajafa, haulizwi pasipoti na mji aliouandika kwa zaidi ya miaka thelathini. Tungepaswa kuulizana kama tumemsoma.

Chama chetu hakikuwa kimemsoma. Kijana mmoja alikuja siku ya pili kutafuta kitabu chake katika kabati letu, na hapakuwa na hata kimoja. Mwanachama aliyetoka London mwezi wa Novemba alituletea nakala moja ya Paradise, riwaya ya mwaka 1994, nayo imepita mikono mingi kiasi kwamba jalada lake limeshonwa kwa uzi. Wapo wazee waliotaka kuisoma wakashindwa kwa kuwa ni ya Kiingereza, na mwaka uliisha bila riwaya yake hata moja kupatikana kwa Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo. Mwezi huo huo, tarehe 23 Novemba, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuikumbuka siku hiyo ya mwaka 1954 ambapo TANU ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya harakati za uhuru. Lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ni Kiunguja, yaani maneno ya barazani petu. Naona ni haki ya mji huu kudai kwamba mwanawe asomwe hapa kwa lugha hiyo, na kamati yetu ya vitabu imeagizwa kununua tafsiri ya kwanza itakayotoka, nakala moja kwa kila skuli tunayoshirikiana nayo, fedha ikiruhusu.

Kamati ya utendaji, baada ya kuyatafakari haya, imeamua kwamba mwaka 2022 hatutaandaa maonyesho wala safari. Kila Jumapili baada ya sala ya alasiri vijana wawili watakwenda nyumba moja, na simu ya kurekodia na daftari, kwa mzee atakayekuwa tayari: fundi wa chokaa, mpiga udi au fidla wa taarabu, mkunga, nahodha, mwalimu, mtu wa sokoni Darajani. Tutaanzia mtaa wa Malindi na kushuka. Ninawaomba wenye picha za ndani ya Beit al-Ajaib za kabla ya mwaka 2012 wazilete zinakiliwe na kurudishwa siku hiyo hiyo, na waliosomeshwa na Maalim Seif wajiandikishe kwa Katibu leo kabla ya kutoka.

Daftari la kwanza liko mezani mlangoni. Kati ya majina yote aliyonitajia yule mzee pale Forodhani, nimeweza kuyakumbuka mawili tu, nami nimeyaandika katika ukurasa wa mwanzo pamoja na vyumba vyao. Mwenye kuwajua watu hao au watoto wao, tafadhali anione baada ya kikao.

Mwenyekiti