Hatua za ukuaji zisigeuzwe kuwa kipimo cha kumhukumu mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu hatua nane za ukuaji wa binadamu kama zilivyoelezwa na mwanasaikolojia Erik Erikson. Nilifundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na ninafurahi kuona somo hilo likiwafikia wazazi. Kinachonisikitisha ni kwamba mwandishi ameupanga umri wa kila hatua kama ratiba, kisha akawaambia wasomaji kuwa mtoto asiyelelewa na mama yake mzazi hadi atimize mwaka mmoja na nusu hupoteza uwezo wa kuwaamini watu maisha yake yote.

Erikson hakusema hivyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, alieleza kwamba kila hatua ina mvutano wake, kama ule wa kuamini na kutoamini kwa mtoto mchanga, au wa kujitambua na kutojua nafasi yake katika jamii kwa kijana, na kwamba ukuaji mwema ni ule ambao upande wa heri huuzidi upande wa pili bila kuufuta kabisa. Mtoto asiyejua kutilia shaka jambo lolote naye yumo hatarini. Tena mvutano wa utotoni hurejea ukubwani kwa sura nyingine, na mtu hupata fursa ya kuushughulikia upya. Hata hiyo idadi ya hatua nane haikubaki ilivyo: mkewe, Joan Erikson, aliongeza hatua ya tisa katika toleo la mwaka 1997 la kitabu kingine cha mumewe, kwa sababu walipovuka umri wa miaka 80 walikuta uzee una mambo ambayo hawakuyaona walipouandika wakiwa bado na nguvu.

Kuhusu mama, tunao ushahidi wa jirani zetu. Kati ya mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea familia za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akawatazama watoto wachanga wakitambaa kwenda mbali na mama zao na kurudi kila walipoingiwa na hofu. Utafiti huo, ambao matokeo yake yalitoka kitabuni mwaka 1967, ni miongoni mwa misingi ya elimu yote ya leo kuhusu fungamano la mtoto na mlezi wake. Humo aliandika pia kwamba watoto wengi walifungamana na watu wengine wa nyumbani, wakiwemo baba, bibi na ndugu zao. Ni ajabu kwamba walimu wetu hulisoma jambo hili kana kwamba limetoka Marekani peke yake.

Nchini Kenya, miaka ya 1970, mtafiti Charles Super aliwachunguza watoto wa Wakipsigis. Aliona kuwa hukaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwa na haraka ya namna hiyo. Sababu ni kwamba wazazi waliwafundisha makusudi kukaa, hata kwa kuchimba kishimo kidogo ardhini na kukizungushia blanketi ili mgongo upate egemeo, na waliwafundisha kutembea, ilhali kutambaa hawakukufundisha. Basi umri ule tunaoudhani ni wa maumbile hubeba ndani yake kile ambacho jamii imeamua kumfundisha mtoto. Jean Piaget wa Uswisi alieleza ukuaji wa akili katika miaka miwili ya kwanza kwa kuwatazama zaidi watoto wake watatu, naye mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alianza hatua zake za ukuaji wa maadili kwa kuwahoji wavulana wa Chicago. Kazi zao ni kubwa, nami nilizifundisha kwa heshima, lakini mwanafunzi ana haki ya kuambiwa ni nani waliotazamwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni bibi zetu. Katika orodha ya Erikson, kulea kizazi kijacho ni kazi ya utu uzima wa kati, na uzee ni wakati wa kuyatazama maisha yaliyopita na kuyakubali. Lakini nyumba ngapi kwetu zina bibi mwenye umri wa miaka 70 anayemwogesha mjukuu asubuhi, anayemtafutia ada na kumfunza adabu, kwa kuwa wazazi wamefariki au wako mjini wakihangaikia riziki? Bibi huyo yumo katika hatua mbili kwa pamoja, na mtoto aliye mikononi mwake hajakosa mtu wa kumwamini. Kumsomesha makala inayomwambia kwamba malezi yake yameshaharibu maisha ya mtoto huyo ni kumwonea.

Ninaomba gazeti lako, mnapochapisha tena mada hii, mtaje kila nadharia ilijengwa kwa kuwatazama watu gani na mahali gani, na umri uandikwe kuwa ni wa makadirio. Wakufunzi wa vyuo vya ualimu nao ninawaomba wauweke utafiti wa Uganda na wa Wakipsigis katika mihadhara ya muhula wa kwanza, kabla mwalimu mwanafunzi hajapelekwa darasani kwa mazoezi.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro.