Chonga na fukusi

Wete, Pemba

Ndugu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Chupa yako ya wadudu imefika. Yule mweusi mwenye pembe, mkubwa kama kidole gumba, ni chonga. Wale wadogo wenye pua ndefu, waliotoka kwenye mahindi, ni fukusi. Wote ni mbawakawa, mbawa zao za juu ngumu kama kifuniko, lakini dawa moja uliyoniomba, ya kuwamaliza wote wawili, haipo.

Kwa chonga, mharibifu ni yule mzima mwenye mbawa. Usiku hutoboa kilele cha mnazi akitafuta utomvu wa makuti machanga. Kuti likifunguka utaliona limekatwa pembetatu, kama kwa mkasi. Mnazi mkubwa huvumilia. Mche ukifikiwa moyo, umekufa. Tafuta tundu lenye nyuzi zilizotafunwa. Zikiwa mbichi, yumo. Chukua waya wa futi moja na nusu, upinde ncha kama ndoana, uingize polepole mpaka uguse kitu kigumu, uzungushe ndipo uvute. Ukifanya pupa utajeruhi kilele, maji yaingie kioze.

Watoto wake hawagusi mnazi ulio hai. Ni mabuu meupe, manene, yaliyojikunja, na hukaa miezi kadhaa kwenye magogo yanayooza na marundo ya samadi. Magogo yapasue uyachome. Samadi igeuze kila mwezi, na kuku wawepo karibu, hawabakishi kitu.

Fukusi ni kinyume. Jike hutoboa punje, hutaga yai moja, huziba tundu kwa ute. Buu hula na kukua mle mle, na kwa joto letu fukusi mzima hutoka baada ya siku 35 hivi. Ndiyo maana kupepeta kwako hakusaidii: unatoa wakubwa, watoto wamebaki ndani ya punje.

Anika kwanza. Kisha tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Yakikauka, jaza pipa la kifuniko cha kukaza mpaka juu, usifungue wiki tatu, watakosa hewa. Yakiingia na unyevu yataota ukungu, nao mimi nauogopa kuliko fukusi. Mpunga uweke na maganda yake, ukoboe wa kula tu.

Pipa lililowahi kutiwa mafuta ya taa usilitumie, hata ukilisugua vipi.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo,
Hamad