Kisumu Rural haikubadilishwa jina, iligawanywa

Mhariri,

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, orodha za wabunge wa tangu uhuru huchapishwa upya, na mara nyingi habari za eneobunge la Kisumu Rural humalizwa kwa maneno "sasa Kisumu West". Si kweli. Eneobunge hilo halikubadilishwa jina. Liligawanywa mwaka 2012, yakatoka maeneobunge mawili: Seme upande wa magharibi, na Kisumu West upande unaopakana na mji. Anayeandika "sasa Kisumu West" amewafuta watu wa Seme katika historia waliyoipigia kura tangu 1963 hadi Bunge la 10 lilipovunjwa Januari 2013.

Aliyesimama Kisian ataelewa haraka. Ukitoka mjini kwa barabara ya Busia, hapo ndipo njia ya Bondo inapochepuka kushoto. Ukiendelea na ya Busia unapanda Maseno, kwenye mstari wa ikweta. Ukifuata ya Bondo unafika Seme, ambako makao yake ni Kombewa na mashamba yake yanashuka hadi ziwani. Pande hizo mbili zilikuwa na mbunge mmoja. Neno Rural lilitofautisha kiti hicho na kile cha Kisumu Town, ambacho Grace Onyango alikishinda 1969 na kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya. Wanahabari wa Kiswahili walikiita kiti cha nje ya mji Kisumu Mashambani, tafsiri iliyokaa vizuri na isiyochanganya mtu.

Orodha ya waliokikalia si ndefu. Tom Okelo-Odongo alichaguliwa 1963. Mwaka 1966, alipomfuata Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha upinzani cha KPU, Bunge lilipitisha haraka sheria ya kumlazimisha mbunge anayehama chama arudi kwa wapiga kura, na ndipo ukafanyika ule uchaguzi mdogo wa Juni 1966. Okelo-Odongo alirudi bungeni kwa tiketi ya KPU. Chama kilipigwa marufuku Oktoba 1969, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukawa wa chama tawala, KANU, peke yake. Wilson Ndolo Ayah akachukua kiti. Robert Ouko alikishinda 1979, akakitetea 1983. Mwaka 1988 Ouko alihamia Kisumu Town na Ayah akarudi Kisumu Rural. Peter Anyang' Nyong'o alishinda 1992 kwa Ford-Kenya, akashindwa 1997 na Ochoro Ayoki wa NDP, akarudi 2002 kupitia NARC na tena 2007 kupitia ODM. Yeye ndiye mbunge wa mwisho wa Kisumu Rural.

Kosa moja hapa hurudiwa sana. Ouko alipouawa Februari 1990 alikuwa mbunge wa Kisumu Town, si wa Kisumu Rural. Wala mwili wake haukupatikana katika eneobunge lolote kati ya hayo mawili: ulipatikana Got Alila, karibu na shamba lake la Koru, upande wa Muhoroni. Aliyemrithi kama Waziri wa Mambo ya Nje ni Ayah, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mbunge wa Kisumu Rural. Nadhani ndiyo sababu majina ya viti vyao yanabadilishana kwenye maandishi.

Anayechora jedwali la matokeo ajihadhari pia na maana ya neno KANU. Kati ya 1969 na 1988 kila mshindi ni wa KANU kwa sababu hapakuwa na chama kingine. Kuipaka Kisumu Rural rangi ya KANU kwa miaka hiyo, kisha rangi ya upinzani kuanzia 1992, ni kusema watu waligeuka ghafla, ilhali waliokuwa wakishindana ni watu, si vyama. Mwaka 1988 una tatizo lake zaidi. Mchujo ulifanywa kwa mlolongo: wanachama wa KANU walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila kwenda kwenye kura ya siri. Idadi ya waliopanga foleni haiwezi kuwekwa kwenye safu moja na idadi ya kura za 1983 au 1992.

Sasa tuje kwenye majina, ambako gazeti la Kiswahili lina kazi kubwa kuliko la Kiingereza. Baada ya 2012 eneo hili lina majina yanayofanana kama mapacha. Kuna Kisumu West, eneobunge lililopo tangu 2013. Kulikuwa na Kisumu Town West, eneobunge la mjini lililotokana na kugawanywa kwa Kisumu Town kabla ya uchaguzi wa 1997, na ambalo lilifutwa wakati mmoja na Kisumu Rural. Na kuna West Kisumu, ambayo ni wadi ndani ya Kisumu West. Yote matatu yakitafsiriwa bila uangalifu yanakuwa Kisumu Magharibi. Hali ni hiyo hiyo kwa Kisumu Central, eneobunge la katikati ya mji, na Central Kisumu, ambayo ni wadi na haimo katika eneobunge hilo bali imo Kisumu West. Mwandishi akiripoti kwamba barabara imeharibika "Kisumu ya Kati", msomaji hana njia ya kujua kama aende mjini au mashambani.

Matokeo ya mkanganyiko huu yanaonekana kwa John Olago Aluoch. Alichaguliwa Kisumu Town West 2007 na Kisumu West 2013. Kwenye orodha nyingi inaonekana alitetea kiti chake. Hakutetea, alichaguliwa katika eneobunge jipya. Mwaka huo huo wa 2013 James Nyikal akawa mbunge wa kwanza wa Seme.

Ushauri wangu kwa meza yako ya habari ni kuyaacha majina ya maeneobunge na wadi jinsi yalivyochapishwa kisheria, na kutanguliza aina yake: eneobunge la Kisumu West, wadi ya West Kisumu. Neno moja la ziada linaondoa shida yote.

Kwa nini eneobunge liligawanywa? Katiba ya 2010 iliongeza viti kutoka 210 hadi 290, na Kifungu cha 89 kikaweka kipimo. Unachukua idadi ya watu wa nchi nzima, unaigawanya kwa 290, unapata wastani. Eneobunge la kawaida linaruhusiwa kuzidi au kupungua wastani huo kwa asilimia 30. Miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, asilimia 40. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, kwa hiyo wastani ulikuwa 133,138, kiwango cha chini 93,197 na cha juu 173,079. Kwa hesabu hiyo Seme ilipata watu 98,805 na Kisumu West 131,246. Ukizijumlisha ni 230,051, mbali sana juu ya kiwango cha juu. Kiti kimoja kwa watu wote hao kisingepita. Kisumu ilikuwa na maeneobunge sita, ikapata saba, na kiti hicho kimoja kilichoongezeka ni cha huku.

Lakini usichukue jumla hiyo ya 230,051 ukaiita idadi ya watu wa Kisumu Rural. Mipaka ya upande wa mji ilichorwa upya kwa wakati mmoja, Kisumu Town East na Kisumu Town West zikaondoka, zikaja Kisumu East na Kisumu Central. Anayetaka kulinganisha 2007 na 2013 hana budi kushuka hadi kwenye kata ndogo, yaani sub-location. Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu. Agizo la maeneobunge na wadi lililochapishwa Machi 2012 katika gazeti rasmi la serikali linataja kila wadi, kata ndogo zilizomo, idadi ya watu na ukubwa wa eneo. Seme ina wadi nne: West Seme, Central Seme, East Seme na North Seme. Kisumu West ina tano: South West Kisumu, Central Kisumu, Kisumu North, West Kisumu na North West Kisumu. Andika kata ndogo za wadi hizo tisa kwenye safu moja. Kwenye safu ya pili andika eneobunge ambalo kila kata ndogo ilipigia kura 2007, ukitumia orodha ya vituo vya kupigia kura ya tume ya wakati ule, kwa sababu kituo ni shule na shule haihami. Kata ndogo ambazo safu ya pili haisemi Kisumu Rural ndizo zilizoingizwa kutoka kwingine. Hizo ziondoe kwenye ulinganisho.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni kata (lokesheni) zilizogawanywa kati ya sensa moja na nyingine. Jina la zamani linabaki kwa nusu ya eneo, nusu nyingine inapewa jina jipya, na anayetazama haraka anadhani watu wamepungua. Kwa miaka ya nyuma zaidi hatari inaongezeka. Viti vya kuchaguliwa viliongezwa hadi 188 kabla ya uchaguzi wa 1988 na hadi 210 kabla ya ule wa 1997. Jina la Kisumu Rural lilivuka mabadiliko yote hayo, lakini jina kubaki si ushahidi kwamba mpaka ulibaki. Ulinganishe kwa ramani, si kwa jina.

Alama nyingine iko kwenye kuta za shule. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, ilianza 2003, na madarasa yaliyojengwa kwa pesa zake hadi 2013 yaliandikwa jina la eneobunge la wakati huo. Mstari wa rangi uliopauka ukisema Kisumu Rural CDF ni hati ya kihistoria: unakuambia shule hiyo ilikuwa upande gani wa mpaka. Kamati za shule zinapopaka rangi upya zipige picha ya maandishi hayo kwanza, mwaka na jina la mradi vikionekana. Mzazi anayetaka kufuatilia mradi wa kabla ya 2013 aulize faili kwa jina la Kisumu Rural, kwa sababu akitaja Seme au Kisumu West ataambiwa hakuna, na ni kweli hakuna: maeneobunge hayo hayakuwapo.

Naandika haya sasa kwa sababu mapitio mengine ya mipaka hayakwepeki. Katiba inataka yafanywe kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi 12, na muda wa juu ulipita Machi 2024, tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, ikiwa wakati huo haina makamishna tangu 2023. Kwa sensa ya 2019, iliyohesabu watu 47,564,296, wastani unapanda hadi 164,015 na kiwango cha chini hadi 114,811. Kaunti ndogo ya Seme ilihesabiwa kuwa na watu 121,667 na ya Kisumu West 172,821. Seme basi iko kwenye asilimia 74 ya wastani, pale pale ilipokuwa 2009. Nafasi yake juu ya kiwango cha chini ni watu 6,856 tu. Kwa wadi nne, wastani wa wadi moja ya Seme ni watu 30,000 na ushee, kwa hiyo ukihamisha hata robo ya wadi moja kwenda kwa jirani, Seme haitimizi tena masharti. Na anayependekeza Seme irudishwe kwa Kisumu West ajue kwamba jumla yao ni 294,488, wakati kiwango cha juu ni 213,219.

Kifungu cha 89 kinaitaka tume izingatie pia uhusiano wa kihistoria, wa kiuchumi na wa kitamaduni. Watakaokwenda kutoa maoni kutoka Kombewa au Maseno watahitaji kuuonyesha uhusiano huo kwa maandishi, na maandishi yanayopatikana kwa urahisi ni ya magazeti. Kwa hiyo, Mhariri, katika orodha zenu zijazo mstari wa Kisumu Rural usomeke: eneobunge la 1963 hadi 2013, liligawanywa kuwa Seme na Kisumu West.

Msomaji wenu,
Kombewa, Kaunti ya Kisumu